Hospitali itaje kiwango chake cha upasuaji kabla mama hajachagua pa kujifungulia

Naileta hoja hii mezani nikijua itagusa vidonda. Naona kila hospitali inayozalisha iwajibike kutangaza ni akina mama wangapi wanajifungua kwa upasuaji kwake, na mjamzito awe na haki ya kuuliza namba hiyo mapema, kabla hajaamua aende wapi. Wapo wanaopinga. Wanasema namba zitawatia wajawazito hofu ya bure, tena madaktari wataogopa kukata hata pale inapobidi. Nitawajibu, ila kwanza niseme kilichonifikisha hapa.

Mtoto wangu wa kwanza nilimpata kwa upasuaji. Niliingia wodini saa mbili usiku, njia imefunguka sentimita tatu. Nikalazwa chali, mkanda wa mashine ya kupima mapigo ya mtoto tumboni, nikakatazwa kuinuka. Saa saba nikapimwa: nne. Saa nane na nusu: bado nne. Nikaambiwa njia haifunguki, tunaenda chumba cha upasuaji. Karatasi ya idhini ililetwa wakati uchungu umenishika barabara. Kalamu ilinidondoka mara mbili, na saini iliyopo pale haifanani na yangu. Mapigo ya mtoto yalikuwa mazuri usiku kucha, wao wenyewe walinihakikishia. Mwanangu alitoka mzima, namshukuru Mungu. Lakini sikuacha kujiuliza kwa nini nilikatwa.

Jibu nililipata baadaye kwa kusoma. Kwa miaka mingi wodi ziliongozwa na kanuni kwamba njia ifunguke sentimita moja kila saa. Mwaka 2014 chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani kikaelekeza kwamba uchungu wenye kasi uhesabiwe kuanzia sentimita 6. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likasema 5, na likaongeza kwamba kwenda polepole kuliko sentimita moja kwa saa peke yake si sababu ya kuingilia kati, mradi mama na mtoto wako salama. Mimi nilihukumiwa nikiwa na nne. Kwa vipimo hivyo saa yangu ilikuwa haijaanza hata kuhesabiwa.

Je, ni bahati mbaya yangu tu? Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2013 uliangalia hospitali 593. Kiwango cha upasuaji kilianzia asilimia 7.1 hospitali moja hadi 69.9 nyingine. Mtu atasema hospitali kubwa hupokea wagonjwa wagumu. Sawa, watafiti nao waliliona hilo, wakawaangalia peke yao akina mama wasio na hatari kubwa. Tofauti iliyokuwa kama mara kumi ikazidi kukua: asilimia 2.4 hadi 36.5, yaani mara kumi na tano. Nyonga za wanawake hazitofautiani mara kumi na tano kwa kubadili hospitali. Kinachotofautiana ni mazoea ya wodi: wanasubiri kiasi gani, wanamruhusu mama atembee au la, na nani yuko zamu.

Hapo ndipo nasema mahali unapojifungulia ni uamuzi mzito kuliko tunavyouchukulia. Wengi wetu tunachagua kwa ukaribu, au kwa usafi wa vyumba, au kwa sababu shoga yetu alizalia pale. Swali la upasuaji hatuliulizi.

Nakubali namba ya jumla inaweza kudanganya. Hospitali ya rufaa ikiwa na asilimia 40 huenda inafanya kazi nzuri kuliko kituo chenye 15. Kwa hiyo ulizeni namba iliyo sahihi: akina mama wa uzazi wa kwanza, mimba imetimia, mtoto mmoja, kichwa kimetangulia, wangapi walikatwa? Kuna hata utaratibu wa kuwapanga wazazi katika makundi kumi, aliouandika daktari Michael Robson mwaka 2001, na Shirika la Afya Duniani linaupendekeza. Hospitali inayotunza kumbukumbu zake vizuri haishindwi kujibu.

Na kuhusu hofu kwamba uwazi utawafanya madaktari wachelewe kukata: jimbo la California lilijaribu. Hospitali zilipewa takwimu zao na miongozo, viwango vikawekwa hadharani, na katika kundi hilo la uzazi wa kwanza upasuaji ukashuka kutoka asilimia 26 mwaka 2014 hadi 22.8 mwaka 2019. Madhara makubwa kwa watoto hayakuongezeka.

Sasa kuna upande mmoja wa wapinzani wangu ambao naukubali kabisa. Namba ndogo si sifa yenyewe. Takwimu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2021 zinaonyesha upasuaji ni kama asilimia 21 ya uzazi wote duniani, lakini Afrika kusini mwa Sahara ni kama 5 tu. Ile 5 haimaanishi wanawake wa huku ni hodari wa kuzaa. Inamaanisha kuna mama ambaye kondo limeziba njia, au mtoto amelala mkingamo, au kitovu kimetangulia, na hakuna wa kumkata. Huyo kisu ndicho uhai wake. Kituo kinachojisifu hakipasui wakati hakina hata chumba cha upasuaji kinanitisha kuliko hospitali inayopasua sana. Kwa hiyo swali la pili lazima liandamane na lile la kwanza: ikitokea dharura saa tisa usiku, mpasuaji na mtu wa nusu kaputi wako hapa au wanapigiwa simu? Damu ipo? Kama ni rufaa, gari liko wapi?

Mimba ya pili niliuliza maswali yote mawili. Sehemu moja walininunia. Nyingine mkunga mkuu alinifungulia daftari akanisomea. Nikaenda kwa huyo. Niliruhusiwa kutembea, na dada yangu hakuniacha hata dakika moja, akinikanda kiuno. Mapitio ya tafiti 26 yaliyotolewa mwaka 2017 yanasema mama anayekuwa na mtu wa kumsindikiza muda wote hukatwa kwa nadra zaidi. Nilijifungua kawaida, kama wanavyofanikiwa wanawake 60 hadi 80 kati ya 100 wenye kovu wanaojaribu. Hatari ya kovu kuachia ni chini ya mmoja kati ya 100, lakini ipo, na ndiyo maana sikuthubutu kwenda pasipo na chumba cha upasuaji.

Wala sisemi haya kumsema aliyekatwa. Kumwita mama mvivu eti kwa sababu hakusukuma ni ukatili, na nimeambiwa neno hilo na watu wa karibu, kovu likiwa bado bichi. Anayeamua mwenyewe kupasuliwa akiwa ameelezwa yote, pamoja na kwamba makovu hurundikana na kwamba kondo likiziba njia kwa mwenye kuingia upasuaji wa tatu, wanne kati ya kumi hukuta limeng'ang'ania ukutani mwa mfuko wa uzazi, huyo ameamua. Ninayemtetea ni yule asiyeelezwa.

Basi wanaopinga wanijibu hili moja. Hospitali inajua namba yake, kila uzazi unaandikwa daftarini. Mkaguzi akija anasomewa. Kwa nini mwenye tumbo asisomewe?