Mtu anapangusaje filta ya watu kwa gazeti la kachori?!

Chaza_Mkavu:
Asalaam aleikum wanajukwaa. Naandika mikono inanitetemeka, niko nje ya duka lake, barabara yenyewe sijavuka. Mnamjua. Simtaji, lakini kama una kamera na unaishi kisiwa hichi basi ushapita mbele ya kaunta ile na ushaitwa "mwanangu" na mtu mliozaliwa mwaka mmoja.

Nilikwenda kuuliza tu. Nina lenzi pana ya milimita 16-35, napiga picha za bahari, na kila anaepiga Kendwa jua likizama anajua balaa lake, ukipimia mwanga wa mchanga anga linaungua jeupe, ukipimia wa anga mchanga unakuwa masizi. Nina filta moja ya kupachika, zile za nusu nyeusi nusu wazi, weusi wa kutuliza anga, milimita 100 kwa 150, ya resini, stopu mbili, kila stopu inakata nusu ya mwanga, mpaka wake wa kufifia, kaka kanitumia kutoka nje ikapita mikono ya watu mpaka ikafika salama. Nikataka kujua niongeze ya stopu tatu yenye mpaka mkali kwa ajili ya ule mstari wa bahari au nitafute ile ya rivasi, weusi wake umegeuzwa. Basi. Jibu la dakika moja.

Yeye anakula kachori. Kaitwaa filta mkononi mwangu, kaishika katikati, KATIKATI jamani si pembeni, kaiinua kwenye taa, kaipulizia pumzi ya mdomo "haaa", halafu akaipangusa kwa lile lile gazeti la kachori. Lina mafuta! Lina chatne! Na resini si kioo ile, inachubuka hata ukiitazama kwa jicho baya. Namwambia bwana taratibu, yeye ndio kwanza anazidi kuzungusha. Kisha ananirejeshea ananambia "mwanangu hii plastiki tu, wamekuibia."

Mwanangu. Kwa gazeti la kachori.

Hajamaliza. Katoa filta ya duara ya kuskrubu, mpaka wake uko katikati haupandi haushuki, yaani bahari yote ya Zanzibar ikae nusu kwa nusu kwa amri yake, nimeijaribu lenzi ikiwa kwenye 16, upana wake wote, pembe zote nne nyeusi. Namuonesha, ananambia "hio ndio staili, wageni wanaipenda." Laki na ishirini! Na pale pana foleni ya watu wa picha za paspoti wote wanacheka, mpaka mtoto mchanga kacheka, nimemuona kwa macho yangu.

Sasa naiangalia juani, mikwaruzo imeizunguka yote na inanuka pilipili. Gazeti jamani. La kachori.

Mpemba_Halisi:
Yakhe pole sana. Ila kachori kanunua wapi?

Kusi_Kali:
Huyo huyo! Mie nilimpelekea 14-24, lenzi ambayo jicho lake la mbele limevimba, haina hata nyuzi za kuskrubia kitu, inataka holda lake maalumu na filta za 150. Unajua kafanya nini? Kachukua filta ya duara akaibandika kwa seloteipu. Mbele yangu. Akasema "hapo umeokoa pesa."

Chaza_Mkavu:
Seloteipu afadhali ndugu yangu, seloteipu haina chatne.

Nahodha_wa_Nchi_Kavu:
Nyie watu wa filta mnapenda kujitesa. Piga picha tatu, moja ya anga moja ya mchanga moja ya katikati, nenda nyumbani unganisha kwenye kompyuta, lala.

Kusi_Kali:
Na ngalawa je, inakungoja? Inakwenda, mawimbi yanakwenda, ukiunganisha unapata ngalawa tatu na mvuvi mmoja mwenye vichwa viwili. Na ukipiga moja tu anga likishaungua limeungua, hakuna cha kuvuta humo.

Jino_la_Papa:
Mie nina suala moja. Mtu anakula, mkono una mafuta, wewe unampa filta. Ulitarajia nini, aipakie manukato?

Chaza_Mkavu:
SIKUMPA. KAITWAA.

Jino_la_Papa:
Ilikuwa mkononi mwako umeinyoosha. Hio tunaita kumpa.

Bi_Mdogo_Paje:
Naona mnacheka tu suala lake hamjalijibu. Skiliza, kwa 16 usikimbilie mpaka mkali. Lenzi pana inameza sehemu kubwa ya filta kwa hivyo hata ule wa kufifia unatoka umejibana, na ukifunga apecha, lile tundu la mwanga la lenzi, mpaka f/16 ndio unabana zaidi. Mpaka mkali ni kwa bahari tupu, Kendwa au Nungwi hakuna kitu kilichosimama juu ya mstari. Ukiweka mnazi au tanga basi nusu ya juu inakuwa mkaa. Mie niliutia kwenye picha ya Mji Mkongwe kutokea baharini, minara yote ikatoka imekatwa shingo. Rivasi ni ya pale jua liko juu ya maji hasa, weusi wake mzito uko kwenye mpaka, ukienda juu unapungua. Na pima kwanza, anga peke yake, mchanga peke yake. Tofauti ikiwa stopu nne tia filta ya stopu tatu, usiimalize yote, maana anga likiwa jeusi kuliko maji linalojiona ndani yake kila mtu anajua umedanganya. Ukinunua iandikwe 0.9, hio ndio stopu tatu, 0.6 ni mbili.

Chaza_Mkavu:
Ahsante Bi Mdogo, Mungu akuzidishie. Maneno hayo hayo ndio niliyoyafata dukani nikarudi na mafuta ya kukaangia.

Wete_Kwetu:
Nyie wa Unguja hata mtu wa kumlalamikia mnae. Sie Pemba huku tuna mnara wa taa wa Kigomasha, tuna Vumawimbi pwani nzima hamna mtu, tuna kisiwa cha Misali, filta hamna hata ya kuchafuliwa. Uagizie Dar, ingoje boti, boti ichelewe, ukija kuipata upepo ushageuka. Na lenzi nazo zishaota fangasi ndani kwa unyevu, yangu ukipiga kila picha ina ukungu wa bure, ningekuwa napiga picha za mashetani ningepata soko. Nimezifungia kwenye mkebe wa mchele.

Mpemba_Halisi:
Mchele una vumbi weye! Tafuta vile vipakti vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Wete_Kwetu:
Nivae viatu vingapi nikaushe lenzi?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu:
Mkimaliza viatu nami nina langu. Forodhani ukifungua tripodi tu wanakuja watu hata hawana kazi ya ulinzi, "unapigia nani, kibali kipo?" Mgeni pembeni ana tripodi kubwa kuliko yangu anaitwa "karibu rafiki". Mie mzaliwa wa Malindi hapa hapa mjini naulizwa kibali.

Kusi_Kali:
Afadhali ya hao kuliko maharusi. Tumeagana saa kumi na moja ufukweni, bibi harusi kafika Magharibi ishaadhiniwa, giza, popo wanaruka, ananambia "si utaliweka jua kwenye kompyuta."

Bi_Mdogo_Paje:
"Utaweka kwenye kompyuta" ndio neno linaloniondoa duniani. Wangu alitaka nimpunguze tumbo bwana harusi na nimuongeze tumbo wifi yake.

Chaza_Mkavu:
Jamani lakini mnakumbuka mie filta yangu

Jino_la_Papa:
Subiri kidogo Chaza. Bi Mdogo, ulimuongeza?

Bi_Mdogo_Paje:
Kwa elfu thelathini nisimuongeze?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu:
Mie niliambiwa nimtoe shemeji kwenye picha ya ukoo, walishagombana siku ya pili tu ya harusi.

Kusi_Kali:
Ukamtoa?

Nahodha_wa_Nchi_Kavu:
Nimemtoa. Ila mkono wake umebaki begani kwa bwana harusi na picha washaitundika sebuleni, mpaka leo hakuna alieuliza mkono wa nani.