Naomba ushauri: binti yangu ataka kusoma fizikia chuo kikuu
Assalamu alaikum, ndugu zangu. Naandika kutoka Malindi kwa niaba ya binti yangu, aliyemaliza kidato cha nne na kupata alama nzuri za hisabati na fizikia, na ambaye sasa ameshikilia kuwa atasoma shahada ya fizikia, ilhali wajomba zake wanamsukuma kwenye uhandisi wakidai kwamba mwanafizikia huishia kushika chaki. (Mimi sioni aibu yoyote katika ualimu, lakini hilo ni jambo jingine.)

Kilichomvuta ni kituo cha anga cha Waitaliano pale Ngomeni, ambako tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa, kutoka jukwaa la San Marco baharini, setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani. Ninavyofahamu, fizikia hufungua pia milango ya jotoardhi, utabiri wa hali ya hewa na fizikia ya tiba, yaani wale wanaokokotoa kipimo cha mionzi anachopewa mgonjwa wa saratani; ila kazi nyingi za aina hiyo hudai masomo zaidi ya shahada ya kwanza, na hapo ndipo mfuko wangu unaponitia wasiwasi.

Naomba waliopita njia hii wanieleze: aliyehitimu na shahada ya kwanza pekee huajiriwa wapi hapa Kenya? Je, achanganye fizikia na kompyuta? Na akianza na uhandisi, ataweza kuingia fizikia baadaye katika uzamili? Tungependa kujua kabla hajawasilisha machaguo yake.