Gumzo la Familia ya Shinyalu: Vidonge vya Kukhu

Senje Everlyne: Hamjambo watu wetu. Nimefika Shinyalu kumwona Kukhu, nyanya wa watoto wetu. Magoti bado yanamsumbua, kushuka kitandani ni kazi. Lakini kuna kopo la vidonge nimelikuta mezani, nawatumia picha.

Senje Everlyne: (picha)

Senje Everlyne: Kuna mama anayepitapita nyumba kwa nyumba, ndiye aliyemuuzia. Shilingi 4,500. Ati inaondoa seli zilizozeeka mwilini, magoti yanapona, sukari inashuka, presha inashuka.

Anko Patrick: 4,500? Hizo si ndizo nilizotuma za mbolea?

Senje Everlyne: Ndizo.

Brayo (Maseno): Anko, lakini hiyo mambo ya seli si uongo. Kuna seli zinazeeka na zinakataa kufa. Tumesoma.

Mama Linet: Linet uko wapi? Mwenye kazi yake aseme.

Linet (Nakuru): Niko Mama, ndio nimetoka zamu. Senje, kwanza kabisa, Kukhu bado anameza metfomini, ile dawa yake ya sukari?

Senje Everlyne: Ngoja nimuulize.

Senje Everlyne: Aliacha alipoanza hizi. Aliambiwa asichanganye.

Linet: Aki jamani. Kile kimashine cha sukari kiko? Mpime sasa hivi.

Senje Everlyne: 16.8

Linet: Iko juu sana. Anatapika? Anapumua kwa shida? Anasinziasinzia?

Senje Everlyne: Hapana, anaongea vizuri, ananiuliza mbona nimekonda. Ila maji anakunywa mengi.

Linet: Mwache anywe. Kesho asubuhi mapema mpelekeni kliniki, msingoje tarehe iliyo kwenye kadi. Waambieni wazi kwamba aliacha dawa, wao wataamua wamrudishie kwa dozi gani. Usiku huu akianza kutapika au akilala usingizi usioeleweka, msingoje asubuhi. Na hivyo vidonge asiguse tena.

Anko Patrick: Sawa, nitatuma ya gari. Sasa nieleze, huyo mama amedanganya ama Brayo ndiye anadanganya?

Linet: Brayo amesema kweli, Anko. Mimi mwenyewe nafuatilia utafiti huu kwa hamu, kwa sababu ya wagonjwa kama Kukhu. Seli ya mwili haigawanyiki milele. Mwaka wa 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead kule Marekani walionyesha kwamba seli za binadamu zikikuzwa maabara zinagawanyika mara 40 hadi 60 hivi, kisha zinasimama. Nyingine husimama mapema kwa sababu zimeumia. Kusimama huko kuna faida: seli iliyoharibika ikikosa kugawanyika, haipati nafasi ya kuwa saratani. Hata kidonda kikipona, seli hizo zina kazi yake. Kawaida kinga ya mwili huja kuziondoa. Umri ukisonga zinabaki nyingi, na hazikai kimya. Zinamwaga kemikali zinazoleta uvimbe na kuchokoza seli zilizo karibu. Zimeonekana kwenye magoti yenye athritisi, yaani ugonjwa wa viungo kuuma na kuvimba, kwenye figo, kwenye mapafu yenye makovu, kwenye mafuta ya mwili.

Anko Patrick: Yaani samaki mmoja akioza

Linet: Ndivyo hasa, na wamelijaribu. Mwaka wa 2018 watafiti walichukua seli zilizozeeka, si nyingi, wakawapandikizia panya vijana wenye afya. Panya wakaanza kutembea polepole, nguvu zikapungua. Kisha panya wazee wakapewa dawa mbili za kuua seli hizo, na muda waliobakiwa nao wa kuishi ukaongezeka kwa takriban asilimia 36. Ndiyo maana dunia nzima ilichangamka.

Brayo: Dasatinibu na kwesetini. Kwesetini iko kwa vitunguu na matofaa.

Mama Linet: Basi tumwongezee Kukhu vitunguu kwa mboga.

Linet: Ale Mama, ni chakula kizuri. Lakini kwenye tafiti walimeza miligramu 1,000 na zaidi kwa siku, hiyo haiwezi kutoka kwa sufuria. Na dasatinibu ni dawa ya saratani ya damu, iliidhinishwa Marekani mwaka wa 2006. Inaweza kushusha chembe za damu, kuleta kutokwa na damu, kujaza maji kando ya mapafu. Mtu anapewa akiwa anapimwa damu mara kwa mara.

Anko Patrick: Na kwa watu imefanya kazi?

Linet: Hapo ndipo nataka msome polepole. Utafiti wa kwanza kwa watu ulitoka 2019. Wagonjwa 14 wenye makovu kwenye mapafu, walimeza dawa hizo mbili siku 3 kila wiki kwa wiki 3. Walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo ndani ya dakika sita, lakini hapakuwa na kundi la kulinganishwa nalo, kwa hivyo huwezi kusema ni dawa. Mwaka huo huo hospitali ya Mayo Clinic kule Marekani wakatoa matokeo ya watu 9 wenye figo zilizoharibiwa na sukari. Walimeza siku 3 tu, na siku 11 baadaye seli hizo zilikuwa zimepungua kwenye mafuta na ngozi. Ni habari njema, ila seli kupungua kwenye ngozi na figo kupona ni mambo mawili.

Linet: Sasa goti. Senje, hii msomee Kukhu. Kampuni ya Unity Biotechnology ilitengeneza dawa ya kuua seli hizo zilizozeeka, ya kudungwa ndani ya goti lenyewe. Wakaijaribu kwa watu 183. Agosti 2020 wakatangaza kwamba baada ya wiki 12 maumivu ya waliodungwa dawa hayakutofautiana na ya waliodungwa dawa bandia. Wakaiacha. Na 2024 kukatoka utafiti wa mifupa, wanawake 60 waliokwisha koma hedhi, wiki 20 za zile dawa mbili. Kwa ujumla kumomonyoka kwa mfupa hakukupungua.

Brayo: Hiyo ya goti sikuijua.

Linet: Hao walikuwa na madaktari, maabara, na sindano iliyofika goti lenyewe. Senje, geuza kopo uniambie limeandikwa nini nyuma.

Senje Everlyne: "Mchanganyiko maalum wa asili." Kiasi hakuna. Kampuni hakuna. Kuna nambari ya simu tu.

Linet: Ningekuwa zamu na mtu aniletee kopo hilo, nisingethubutu kumpa mgonjwa. Dawa nchini inasajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Nipigie picha pande zote, nitawapelekea.

Senje Everlyne: Kukhu anasema niandike maneno yake. "Nilikunywa kwa sababu magoti yananiuma usiku, na kila nikienda naambiwa ni uzee mama. Huyu alikaa akanisikiliza."

Mama Linet: Woi, mama yetu.

Anko Patrick: Hiyo ya mbolea tuiache.

Linet: Kukhu, ulikuwa na haki ya kusikilizwa na hukusikilizwa. Uzee si jibu la daktari. Kesho Senje asitoke huko bila karatasi ya kumwona mtu wa fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo. Wakati huo huo: ukae kwenye kiti, unyooshe mguu mmoja mbele, uushikilie hewani ukihesabu polepole mpaka tano, uushushe. Kisha mwingine. Mazoezi ya kuipa misuli ya paja nguvu hupunguza maumivu ya goti, na hilo limethibitishwa kwa watu kama wewe. Fimbo ishikwe mkono wa upande usiouma sana. Kuna dawa ya kupaka pia, uliza hapo kesho.

Senje Everlyne: Zile tembe za maumivu, diklofenaki, je? Kuna karatasi nzima hapa chini ya mto.

Linet: Eh! Anameza kila siku?

Senje Everlyne: Asubuhi na jioni anasema.

Linet: Aziache mpaka daktari aseme. Kwa mtu wa sukari na presha zinaweza kuumiza figo taratibu bila dalili. Bebeni hiyo karatasi na lile kopo, waone vyote viwili.

Anko Patrick: Nimetuma 2,500 kwa simu ya Everlyne. Msipande boda na magoti hayo, tafuta probox ya mtu wa karibu.

Senje Everlyne: Imeingia. Baba Shikuku atatubeba saa kumi na mbili na nusu.

Senje Everlyne: Kukhu anauliza, hao watafiti wakipata ya goti siku moja utamwambia?

Linet: Yeye wa kwanza. Senje, waombe wapime kreatinini, kipimo cha damu cha kuangalia figo, na mkojo pia, si sukari peke yake. Matokeo yakitoka nitumie picha, nitakuwa macho.