Mweka hazina mpya wa tawi, daftari la zamani lina mapengo. Nifanyeje?

MauaUsa: Wakuu, salaam. Niko shamba la maua huku Usa River. Nimechaguliwa mweka hazina wa tawi letu la chama cha wafanyakazi, nikaletewa boksi la risiti na daftari moja. Miaka ya mwanzo imeandikwa vizuri. Korona ilipoingia watu wakapunguzwa kazi, mgao wa tawi (sehemu ya ada za wanachama inayoshushwa kwetu kutoka makao makuu) ukashuka, maandishi nayo yakaanza kurukaruka. Mwaka 2024, Mei Mosi ya kitaifa ilipofanyika hapa Arusha, fulana na usafiri vilikula karibu mgao wote. Kuanzia hapo kurasa ni nyeupe. Wanachama wananiuliza, wengine wanatishia kujitoa. Katibu anasema niachane na ya nyuma. Nisaini tu makabidhiano?

Babu_Ngarenaro: Usisaini, mdogo wangu! Ukisaini pengo linakuwa lako. Orodhesha kilichopo na kisichopo, mkabidhiane mbele ya kamati, kila mmoja abaki na nakala. Enzi zetu za JUWATA, ile jumuiya moja ya wafanyakazi ya zamani, makato ya ada yalikuwa yanakwenda tu, hakuna aliyethubutu kuuliza.

KichwaMaji: Fulana zenyewe zilichuja kwa kufuliwa mara moja 😂

Dada_Moshi: Kabla hujamshuku mtu, fuata hela ilikopita. Chukua hati za mishahara za wanachama wachache, ulinganishe na taarifa ya benki ya tawi. Huenda mwajiri alikata ada asipeleke. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa siku saba baada ya mwezi kuisha. Akichelewa anadaiwa asilimia tano kwa kila siku. Huenda pia ilifika makao makuu, mgao haukushuka. Hapo daftari halina kosa.
Hao wanaotaka kujitoa wana haki, kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja. Ila waambie, chama kikiwa na wengi kazini na kuna mkataba wa ada ya uwakala (makato ya wasio wanachama), watakatwa hata wakitoka.

Babu_Ngarenaro: Umenena, mwanangu. Na hesabu za chama hukaguliwa kila mwaka, ripoti inapelekwa kwa Msajili wa vyama hivi kabla ya Machi kuisha. Mwanachama anaruhusiwa kwenda ofisi ya chama kuisoma. Aombe kwa barua, siyo kwa simu.

MauaUsa: Asanteni sana, shikamoo Babu. Sijasaini. Jumatatu naenda benki na mwenyekiti. Taarifa ya miaka ya nyuma wanatoza?

Dada_Moshi: Wanatoza. Lipieni kwa hela ya tawi, na risiti iwe ya kwanza kwenye daftari lako.