MJADALA: Nani alipe gharama za kupanga usafiri wa umma Mombasa?

Mwanzisha mada:

Naomba leo tusiishie kuwatukana makanga kama kawaida yetu. Swali ni la pesa. Kaunti ya Mombasa ikitaka mpango wa usafiri wa umma, yaani njia za matatu, steji, feri, nauli na njia za waendao kwa miguu, nani alipe gharama za kuupanga? Sizungumzii kujenga. Nazungumzia kuhesabu abiria, kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu huenda wapi na kwa shilingi ngapi, kuchora ramani, na kukaa na sako, yaani vyama vya ushirika vya matatu, mpaka kieleweke. Kazi hiyo haina utepe wa kukata, ndiyo maana haipiganiwi na mtu wakati wa bajeti.

Wengi husema wafadhili wapo, kaunti haina kitu, tuchukue. Mimi nasema kaunti itangulize pesa yake, hata iwe kidogo, hata kama mfadhili yuko mlangoni. Anayelipa ndiye anayeamua maswali yatakayoulizwa.

Chukueni Mpango Mkuu wa Mombasa Gate City, uliotayarishwa kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani, na unaotazama hadi 2040. Ni kazi ya wataalamu, siibezi. Lakini JICA ndiyo hiyo hiyo iliyokopesha pesa za kituo cha pili cha makontena bandarini na za barabara ya Dongo Kundu. Mji umetazamwa kutokea bandarini. Barabara ya kupita Mtwapa kwenda Kilifi nayo, inayogharamiwa na Benki ya Maendeleo ya Afrika na Umoja wa Ulaya, ni kipande cha ushoroba, yaani njia kuu ya uchukuzi, wa kutoka Bagamoyo hadi Malindi. Sina ugomvi na malori. Ila mama anayetoka Mtongwe alfajiri kufuata mboga Kongowea, akibadilisha gari njiani na kulipia gunia kila anapopanda, hayumo kwenye ushoroba wowote.

Na kisheria kazi hii ni yetu. Jedwali la Nne la Katiba linaipa kaunti usafiri wa umma barabarani, trafiki, maegesho na feri. Kifungu cha 104 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinakataza pesa ya umma kutengwa nje ya mpango. Basi pendekezo langu: sehemu ya ada za maegesho na ada wanazolipa matatu iwekwe kando kila mwaka kwa kazi hii tu. Nipingeni.

Mhasibu wa Tudor:

Nakupinga. Ada za maegesho zishaliwa kabla hazijakusanywa: taka, dawa hospitalini, mishahara. Kukopa nako, kifungu cha 212 cha Katiba hakiruhusu mpaka serikali ya kitaifa idhamini na bunge la kaunti liidhinishe. Kimebaki nini kama si msaada?

Tena tushaachwa nyuma. Mpango wa Benki ya Dunia wa kusaidia miji, KUSP, ulioanza 2017 kwa dola milioni 300, ulichukua kaunti 45. Mbili zilizobaki nje ni Nairobi na Mombasa. Majirani zetu Kwale na Kilifi walikuwamo. Nairobi angalau ilipata NaMATA mwaka huo huo, mamlaka ya usafiri inayoiunganisha na Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Sisi abiria wetu wa Mtwapa ni wa Kilifi, wa Ukunda ni wa Kwale, na hakuna mamlaka moja ya kuwapangia wote.

Hata Marekani, pamoja na utajiri wake, serikali kuu kwa kawaida hulipa asilimia 80 ya gharama za mipango ya usafiri katika maeneo ya miji yenye watu kuanzia 50,000. Wao hawaoni haya kupokea, sisi twaona haya ya nini?

Mwanzisha mada:

Na ile asilimia 20 hutoka wapi, Mhasibu? Hutoka kwa wenyeji, na chombo kinachosimamia mpango huwa na viongozi waliochaguliwa na watu wa hapo hapo. Umenipa hoja yangu mkononi. Halafu zile ni kodi zao wenyewe zikirudi nyumbani, si mkopo wa nchi nyingine. Asilimia 20 ya Mombasa iko wapi?

Dereva wa Bamburi:

Mimi naendesha matatu ya abiria kumi na nne, Bamburi kuja mjini. Nimewaona hao wapangaji wenu. Husimama steji na fulana za kung'aa, karatasi mkononi, gari ikipita yapigwa mstari. Gari, si watu. Saa moja asubuhi nimejaza mpaka mlangoni: mstari mmoja. Saa nne narudi na abiria watano: mstari mmoja. Jioni mtu akaa ofisini aandika kwamba matatu ni nyingi mno mjini, zipunguzwe.

Na hakuna aliyewahi kuniuliza hesabu. Tajiri, mwenye gari, ataka hesabu yake jioni, iwe mvua iwe jua. Mafuta ni juu yangu, makanga ni juu yangu, na mambo mengine ya barabarani mwayajua. Ndiyo sababu sitoki steji mpaka gari ijae. Ndiyo sababu nikifika Kengeleni nikaona watu wamejaa upande wa pili, nawashusha wawili watatu nilionao na nageuza. Nyinyi mwaona ukorofi. Mfadhili alipe, kaunti ilipe, kama hilo hamjaliuliza mtapanga karatasi.

Bi wa Likoni:

Mwashindana nani alipe, sisi huku tushapangiwa tukachoka. Gari la waya la kuvuka kivuko lilitangazwa, halikuonekana. Daraja la kuelea la Liwatoni likajengwa wakati wa korona. Daraja kubwa twaambiwa laja. Na tegemeo bado ni feri, ambayo wasimamizi wake wenyewe wamekuwa wakitaja abiria zaidi ya 300,000 kwa siku. Mwaka 1994 MV Mtongwe ilizama na watu 272 wakafa. Wenye umri wangu hatuhitaji kusimuliwa.

Haki ya Mungu sijali pesa ni ya Mjapani au ya Mvita. Nataka aje mtu ashuke feri na mimi saa kumi na mbili jioni, mvua yanyesha. Aupande ule mwinuko akisukumana na mikokoteni, afike steji aambiwe nauli ya asubuhi si ya sasa. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu. Gari ya kwenda mwendo mfupi tu ndiyo inayonimaliza. Hilo limeandikwa kwenye mpango gani?

Mwanafunzi wa mipango miji:

Bi, hilo haliandikwi kwa sababu hakuna anayelipima. Na kulipima si lazima kugharimu mamilioni ya dola. Nairobi, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, walipanda matatu na simu mkononi wakarekodi njia na vituo, na ramani ya Digital Matatus ikatoka 2014. Pesa zilikuwa za nje, za wakfu wa Rockefeller, lakini data iliachwa wazi kwa yeyote. Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kiko hapo Tudor. Dereva akitaka wahesabiwe watu, mhesabuji apande gari, asisimame steji.

Upande wa wafadhili, Dar es Salaam inatoa ushahidi kwa pande zote mbili. Mwendokasi, mfumo wa mabasi yenye njia zao pekee, ulianza kupangwa mapema miaka ya 2000 kwa msaada wa nje, na mabasi ya Kimara hadi Kivukoni yakaanza Mei 2016. Subira hiyo si mchezo. Lakini yalikuja, na yakajaa. Kilio kilichofuata kilikuwa uhaba wa mabasi na misongamano vituoni, na hayo ni mambo ya uendeshaji.

Mhasibu wa Tudor:

Ramani ya njia si mpango, kijana. Yaniambia gari hupita wapi. Hainiambii nani aliachwa steji, wala nani alitembea kwa kukosa nauli. Hilo lataka kwenda majumbani, na kwenda majumbani kwataka pesa.

Nakubali kaunti iweke chake. Asilimia 20, sawa. Ila tusiwangojeshe wafadhili miaka miwili tukitafuta hicho chetu. Na kitengwe kwa sheria, maana ahadi ya waziri wa kaunti huondoka na waziri.

Mwanzisha mada:

Hapo tumekaribiana, ingawa mimi nasema tutangulize na wewe wasema twende sambamba. Tofauti si ndogo. Ukifika ukakuta mfadhili ameshaandika hadidu za rejea, yaani maelekezo ya kazi, asilimia 20 yako ni mchango wa harusi: pilau utakula, bibi harusi hukumchagua wewe.

Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba kupita. Hapo ndipo pa kuingiza fungu dogo la kuhesabu abiria na kuuliza majumbani, tuanze Likoni, Kongowea na Bamburi. Mwanafunzi, tuandikie makadirio: watu wangapi, wiki ngapi, nauli kiasi gani. Mhasibu, utuangalizie hizo hesabu. Na wewe Dereva, kikao cha maoni ya umma kikiitishwa, hayo ya tajiri uje uyaseme kwa kinywa chako.

Dereva wa Bamburi:

Kikao chenu kikiwa ukumbini saa mbili asubuhi sisi hatuji, nani atampa tajiri hesabu yake? Njooni steji saa tano. Tuko kwenye foleni, hatuendi popote mpaka ijae.