Fonti nzito ya pikseli kwa bango la mashindano

Mbuni wa Mtaa wa Majengo:
Assalaam aleikum, ndugu zangu. Natengeneza bango la mashindano ya michezo ya video ya vijana wa mtaani kwetu, na ninapendelea fonti (mtindo wa herufi) nzito ya pikseli, yaani iliyoundwa kwa vidoti vya mraba vya skrini, inayokumbusha mashine za michezo za miaka ya 1980. Je, inafaa kwa maandishi yote?

Mchapaji wa Mwembe Tayari:
Waaleikum salaam, ndugu. Kwa kichwa inapendeza mno, lakini mahali na saa ziandike kwa fonti nyepesi, kwa kuwa herufi hizi humchosha msomaji. Fonti ya aina hiyo iitwayo Press Start 2P, iliyotokana na herufi za michezo ya Namco, kampuni ya Kijapani ya michezo ya video, imechorwa katika gridi ya pikseli 8 kwa 8. Kwa hiyo kwenye skrini tumia ukubwa wa pikseli 8, 16, 24 au 32, la sivyo kingo zake, ambazo ndizo uzuri wake wote, zitafifia.

Mchoraji wa Mji wa Kale:
Naafiki. Kila herufi huchukua upana sawa, hivyo “mashindano” peke yake huhitaji pikseli 80 katika ukubwa wa 8. Panga kichwa katika mistari miwili, kisha umpelekee mchapaji faili ya vekta (mchoro usiopoteza ukali ukikuzwa), si picha ndogo iliyokuzwa.