Tupeane uzoefu: nani ameshuka korongo la Marafa?

Binti Shela: Jamani, Jumamosi twatoka Malindi na watoto kwenda Marafa, kule korongoni wenyeji waitako Nyari. Picha nimeziona: kuta nyekundu, nyeupe, za waridi. Nataka maneno ya waliofika. Twende saa ngapi? Watoto wa shule ya msingi waweza kushuka?

Dereva wa Sabaki: Dada, saa ndiyo kila kitu. Jua la saa saba likiwa utosini, kuta zote huwa za rangi moja, na chini kule upepo haufiki. Joto lake si la mchezo. Mimi wageni huwatoa Malindi saa tisa, twavuka daraja la Sabaki, na kama kilomita 30 na kitu tumefika. Wakianza kushuka saa kumi na moja, jua laingia kwa ubavu, na hapo ndipo rangi zinapoachana: chungwa, zambarau, nyekundu ya damu. Kuna wanaoshikilia kwenda adhuhuri ili wawahi chakula hotelini. Hao huwapeleka, pesa ni yao.

Mwalimu Gongoni: Watoto watashuka vizuri, wavae viatu vya kufunga. Nilipopeleka darasa, swali la kwanza lilikuwa, "Mwalimu, hili ni jangwa?" Si jangwa. Ni mvua iliyochonga pale, ikisaidiwa na upepo. Jiwe lenyewe ni mchanga ulioshikana kidogo tu, ukiusugua wabaki vidoleni, kwa hiyo kila masika maji yazidi kuukata. Wekundu ule ni chuma kilichoshika kutu ndani ya mchanga. Penye chuma kidogo pamebaki peupe. Tafadhali wasiparamie ile minara, yamomonyoka upesi.

Mjukuu wa Magarini: Mwalimu, bibi yangu angekukatalia hiyo kutu! Kwa hadithi yake, pale palikuwa na mji wa tajiri mwenye ng'ombe wengi mno, hata watu wake wakaoga maziwa na kufulia maziwa. Mungu akachukia, ardhi ikawameza. Weupe ni maziwa, wekundu ni damu yao. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ng'ombe walikosa nini, akanifukuza nikachote maji. Muombeni kijana wa kuwatembeza awasimulie, kila mmoja ana yake na huongeza chumvi apendavyo.

Mpate wa Mokowe: Mimi nilikwenda bila gari. Kufika si tabu, kurudi ndiko kazi, maana jioni magari ni ya kubahatisha. Elewana na bodaboda akungoje, na umlipe nusu tu kwanza. Na mvua ikinyesha usiku wa kuamkia safari, ahirisheni, tope lile lateleza vibaya.

Binti Shela: Ahsanteni sana. Basi saa tisa. Kiingilio je?

Dereva wa Sabaki: Chalipwa pale pale mlangoni. Malipo ya wa kuwatembeza ulizeni kabla ya kushuka, si mkishapanda mmechoka. Maji bebeni mengi.

Binti Shela: Sasa mama mkwe naye asikia safari, ataka kuja, na magoti yamuuma.

Mjukuu wa Magarini: Aje! Ukingoni juu ataona bonde lote bila kushuka hatua. Mchukulieni kiti na mwavuli, na asikae karibu na ukingo.